Wimbo una wenyewe: kwa mnaoanza kazi ya muziki wa katuni

Wadogo zangu mnaoanza kuhariri muziki wa filamu za katuni, somo langu la kwanza liliwagharimu wachoraji wetu wiki tatu. Tulikuwa na tukio la mtoto anacheza uani kwa bibi yake. Tukaweka wimbo wa bongo fleva uliokuwa ukisikika kila kona, wachoraji wakachora kila hatua kwa kuufuata. Mwimbaji alikubali kwa mdomo, tena kwa furaha. Ilipofika kuandikishana, tukakuta rekodi ni mali ya aliyelipia studio, naye akakataa.

Tukatafuta wimbo mwingine. Filamu yetu ilikwenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Wimbo wa kwanza ulikuwa na midundo 120 kwa dakika, yaani mdundo mmoja kila fremu 12. Mbadala ulikuwa na midundo 96, mmoja kila fremu 15. Mguu wa mtoto ukawa unatua kabla ya ngoma, na baada ya midundo kumi alikuwa ameuacha muziki kwa fremu 30, zaidi ya sekunde nzima. Filamu ya waigizaji huwa na picha za akiba za kukatia, mkaficha kosa. Katuni haina akiba: kisichochorwa hakipo. Tukaanza kuchora upya.

Wimbo mmoja una haki mbili, na mara nyingi zina wenyewe tofauti: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Tazameni katuni ya Shrek ya mwaka 2001. "Hallelujah" ni utunzi wa Leonard Cohen, lakini ndani ya filamu anaimba John Cale, na kwenye albamu ya filamu hiyohiyo anaimba Rufus Wainwright. "I'm a Believer" aliutunga Neil Diamond, The Monkees wakavuma nao mwaka 1966, na Smash Mouth wakaurekodi upya kwa ajili ya filamu. Hiyo ndiyo njia niliyochelewa kuiona. Mwimbaji wetu alikuwa mtunzi pia, na mkataba wake haukumzuia kuurudia wimbo. Akauimba upya kwa midundo ileile 120, na miguu ya mtoto ikatua mahali pake.

Siku hizi barua ya ruhusa naiandika kabla mchoraji hajashika kalamu. Nataja sekunde ngapi, tukio gani, nchi zipi, miaka mingapi, na kama wimbo utatumika kwenye tangazo la filamu.

Msidhani haya ni makaratasi tu. Mwaka 1939, Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg. Ni neno la Kizulu, maana yake simba. Wimbo ukavuka bahari, ukageuka "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 Timon na Pumbaa wakauimba kidogo ndani ya The Lion King. Linda alikuwa amefariki mwaka 1962 akiwa maskini. Warithi wake walifungua kesi ya kudai haki za wimbo mwaka 2004, wakafikia makubaliano 2006. Kila ninaposikia kile kipande nawafikiria mabinti zake.

Kuna wenyewe wengine wasioandikwa popote, nao ni wasikilizaji. Tulionyesha filamu kwa majaribio, na kwenye tukio la huzuni niliweka wimbo wa taratibu nilioupenda mno. Mhusika wetu analia, na ukumbini akina mama wanapiga vigelegele! Ulikuwa wimbo wanaoingizia bibi harusi kwenye sendoff. Picha haikuweza kushindana na kumbukumbu zao. Niliutoa usiku uleule.

Nguvu hiyohiyo ikitumiwa vizuri, hakuna muziki mpya unaoifikia. Kwenye Spider-Man: Into the Spider-Verse ya mwaka 2018, Miles yuko chumbani, hedifoni masikioni, anaimba "Sunflower" huku akibabaisha maneno asiyoyajua. Kila mtu amewahi kuimba hivyo, na kwa sekunde chache tu tumeshamjua kijana huyu. Wimbo ni wake, anausikia yeye, haukumwagwa juu ya picha kuficha pengo.

Kabla ya kupendekeza wimbo maarufu, upigeni mbele ya watu watano wa rika tofauti bila picha, muwaulize wanakumbuka nini. Mimi huanza na mama yangu.