Kabla Hujahama Nyumba kwa Ajili ya Alama ya Shule

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, tumepata nyumba mbili. Moja iko eneo la shule yenye alama 9 kati ya 10, nyingine eneo la shule yenye 4. Ile ya 9 kodi yake itatumaliza. Tufanyeje?"

Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira kidogo. Si kwa huyu mdogo wangu. Ni kwa sababu hiyo 4 naijua, nimeishi nayo. Mwanangu wa kwanza amemaliza sekondari ya umma hapa Marekani yenye alama ya namna hiyohiyo, na sasa anaanza uhandisi chuo kikuu cha jimbo, ada amelipiwa. Nimesema. Walionisema kwenye harusi za watu nao wasome.

Maana nilisemwa. Tulipofika hatukuchagua shule. Tulichukua nyumba tuliyoimudu, anwani ikatupangia shule. Ndivyo ilivyo huku: mtaa ndio unaoamua, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka kwenye kodi za majengo za hapohapo. Basi waliotutangulia wakaanza. Mama mmoja, tena tunamwita shangazi, aliniambia mbele ya sahani ya pilau kwamba pale wanasoma "watoto wa wakimbizi na wa mlo wa bure". Mwanangu alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Na mlo wa bure, ule ambao shule huwapa watoto wa familia zenye kipato cha chini, alikuwa anakula. Sijamjibu shangazi mpaka leo, labda hii ndiyo jibu.

Nikaanza kuzisoma takwimu mwenyewe, usiku, watoto wakishalala. Zile alama za 1 hadi 10 za GreatSchools, tovuti inayozipa shule alama, ambazo utaziona hata kwenye tovuti ya Zillow unapotafuta nyumba, zinategemea sana matokeo ya mitihani ya jimbo. Na wastani wa mitihani huandamana na kipato cha wazazi kama kivuli na mwenyewe. Si habari mpya. Ripoti ya Coleman ya mwaka 1966, iliyoagizwa na serikali yenyewe, ilikwishaonyesha kwamba hali ya nyumbani inahusiana na matokeo zaidi kuliko majengo na vifaa vya shule.

Sasa chukua kalamu, tufanye hesabu ya mfano. Shule ya kwanza ina wanafunzi 1,000: 900 wa familia zenye uwezo, wanafaulu kwa asilimia 80, 100 wa kipato cha chini, wanafaulu kwa asilimia 30. Wastani wake ni asilimia 75. Shule ya pili nayo ina 1,000: 200 wenye uwezo, wanafaulu vilevile asilimia 80, 800 wa kipato cha chini, wanafaulu asilimia 45. Wastani wake ni 52. Shangazi atakupeleka ya kwanza. Lakini kama mfuko wako ni kama wangu, watoto wa aina ya wako wanafanya vizuri zaidi ile ya pili!

Jedwali la kukuonyesha hayo lipo, bure. Sheria ya elimu aliyoisaini Rais Bush Januari 2002, na ile iliyochukua nafasi yake aliyoisaini Rais Obama Desemba 2015, zinalazimisha kila jimbo kutoa matokeo kwa makundi: rangi na asili, kipato, ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Liko kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lako. Usisome mstari wa juu, ule wa wastani wa shule nzima. Shuka chini.

Ila ukishuka, shuka na akili. Mstari wa wanaojifunza Kiingereza utakutisha, lakini mtoto akishakimudu, baada ya muda huondolewa kwenye kundi. Wanaobaki kila mwaka ni wale ambao bado. Mstari wa "Weusi" unawachanganya pamoja mwanangu, na mtoto wa daktari kutoka Nigeria, na Mmarekani ambaye ukoo wake uko hapa karne nyingi. Asilimia ya wanaohitimu inayotangazwa huhesabu miaka minne, kwa hiyo kijana aliyewasili mkubwa, hajui lugha, akamaliza kwa mitano, kwenye hesabu hiyo hahesabiwi kuwa amehitimu. Kwangu mimi huyo ni shujaa. Na huo mlo wa bure! Tangu sheria ya 2010, shule za maeneo yenye umaskini zinaweza kulisha wote bila kujaza fomu. Ukiona asilimia 100, si lazima kila mtoto pale awe maskini.

Swali la kuuliza ni moja: mtoto akiingia hapa, anapiga hatua kiasi gani kwa mwaka? Majimbo mengi huchapisha kipimo hicho, na shule yenye wastani wa chini inaweza kuwa nacho kizuri sana. Ya mwanangu ilikuwa nacho.

Nenda shuleni. Uliza madarasa ya AP, yale ya masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, yana watoto gani, maana kuna shule zenye sifa kubwa ambako watoto wetu hawafiki darasa hilo. Mwanangu naye hakupangwa. Nilienda kwa mshauri wa wanafunzi, nikaambiwa tusubiri. Nikarudi, nikaambiwa vilevile. Nikakaa kitini pale mpaka jina likaandikwa. Mtihani wa hesabu alipata 5 kati ya 5. Wazazi wenzangu, tunafanya kazi zamu mbili ili tulipe kodi ya mtaa wa alama 9, halafu hatuujui hata mlango wa ofisi ya shule. Mnategemea nini? Nenda shuleni. Na mtoto aende pia: akikosa asilimia 10 ya siku za masomo, kama siku 18 kwa mwaka, anahesabiwa mtoro sugu, hata kama alikuwa anakulelea mdogo wake.

Kama Kiingereza ndicho kinachokurudisha nyuma, omba mkalimani. Shule ya umma inatakiwa kisheria kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na hulipi kitu. Usimtumie mtoto. Namjua baba aliyesomewa barua ya utoro na mtoro mwenyewe, akaambiwa ni pongezi.