LCD inawaka buluu bila maandishi

Ndugu yangu, hiyo LCD ya 16x2 (kioo kidogo cha mistari miwili ya herufi 16) kuwaka buluu tu kwenye Raspberry Pi yako, ile kompyuta ndogo ya kibao kimoja, usiitupe, haijafa wallahi. Igeuze, pale nyuma kwenye kibao cheusi cha I2C (njia ya vifaa kuongea kwa nyaya mbili) kuna kiboksi cha buluu chenye kiskrubu, chukua bisibisi ndogo uzungushe pole pole huku unaangalia mbele, hiyo ndo kontrasti. Zikitokea boksi nyeupe mstari wa juu peke yake basi Pi haijaongea nayo bado, washa I2C ndani ya raspi-config (menyu ya mipangilio ya Pi) kisha andika i2cdetect -y 1 kwenye terminal, utaona 27 ama 3f, hiyo ndo anwani ya LCD na ndo iingie kwenye kodi ya programu yako. Kwenye Pi, SDA (waya wa data) pini ya 3, SCL (waya wa saa) ya 5, grandi ya 6.

Ila chunga sana: pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu, kibao cha LCD ukikipa volti 5 kinarudisha 5 hizo kwenye SDA na SCL, weka kile kidude cha kubadilisha volti katikati.

Huku kwetu Likoni, pwani ya Mombasa, nyaya hushika kutu haraka, zikague pia.