Pete Ndani ya Kidonge

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza katika duka la dawa muhimu hapa Majengo, Moshi. Kwenye karatasi za maelezo zinazokuja na dawa huwa naona michoro ya pembesita na pembetano zilizoshikana, na ni nadra kukuta dawa isiyo na umbo la namna hiyo. Kwa nini dawa nyingi zina pete hizi, na maabara huzifungaje? Tena wateja wangu, hasa wazee, husisitiza kwamba dawa itokayo kwenye mti ina nguvu kuliko ile iliyotengenezwa maabara. Niwajibu nini?
Muuza dawa, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, nianzie kwenye shanga, kwa kuwa akina mama wa Kimaasai wanaozitunga katika masoko ya Arusha wanalionyesha jambo hili vizuri kuliko mchoro wowote. Mnyororo wa atomu za kaboni ambao haukufungwa hupindapinda kama uzi wa shanga uliolegea, hauna umbo moja la kutulia. Ukiziunganisha ncha zake unapata bangili yenye umbo linalojulikana, ambayo ama inaingia mkononi ama haiingii, na mkono huo ni protini ya mwili wetu au ya kimelea. Sasa badilisha ushanga mmoja uweke wa rangi nyingine, yaani atomu ya naitrojeni, oksijeni au salfa, na bangili inapata mahali pa kushikia.

Chukua klorokwini, ambayo wengi wetu tuliinywa utotoni kabla nchi haijaiacha mwaka 2001 kwa sababu ya usugu. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu na kubakiwa na hemu, ambayo nayo ni pete pana na bapa, na ni sumu kwa kimelea chenyewe. Hivyo hujiokoa kwa kuigeuza hemu kuwa fuwele zisizo na madhara. Klorokwini ina pete mbili bapa zilizoshikana ubavuni. Hujilaza juu ya hemu, ikazuia fuwele zisijengeke, na kimelea kikafa kwa taka zake.

Kuhusu kuzifunga, njia ni nyingi, ila ninayoiona kuwa nadhifu kuliko zote ni ile aliyoigundua Mjerumani Arthur Hantzsch mwaka 1881, na ambayo baadaye ilitumiwa kutengenezea nifedipini, dawa ya shinikizo la damu. Chupani huwekwa molekuli mbili za aina moja, ambazo kila moja huchangia kaboni mbili, kisha molekuli ya aina nyingine inayochangia kaboni moja, na mwisho amonia, yenye harufu inayochoma pua, ambayo huleta naitrojeni. Mchanganyiko huchemshwa ndani ya alkoholi, molekuli tatu za maji zikatoka, na atomu tano za kaboni na moja ya naitrojeni zikashikana kuwa pete ya atomu sita. Hakuna mtu anayezishika kwa mkono. Mkemia huchagua viungo ambavyo ncha zake hazina budi kukutana. Pete hiyo ina udhaifu mmoja unaokuhusu wewe dukani: mwanga huigeuza kuwa pete ya aina nyingine isiyotibu, na ndiyo sababu nifedipini hufungashwa isipate mwanga. Usiitoe kwenye pakiti yake ukaipanga dirishani.

Pete ya atomu sita hukaa kwa raha. Ya atomu nne ni kama uzi uliokazwa kupita kiasi, na ndiyo iliyomo ndani ya penisilini na amoksisilini. Kwa kuwa imebanwa, hufunguka kwa urahisi, na inapofunguka ndani ya bakteria hunasa kwenye kimeng'enya kinachojenga ukuta wake, ukuta ukapasuka. Kubanwa huko huko ndiko kulikowatesa wakemia, kwani kila walipojaribu kuifunga kwa nguvu au kwa joto ilivunjika, hadi John Sheehan wa Marekani alipofaulu mwaka 1957 kwa kutumia kemikali inayoondoa maji taratibu bila kuchemsha. Viwandani hawafuati njia yake: ukungu huachiwa utengeneze pete, kisha maabara hubadilisha tu mkia ulioshikana na pete hiyo. Maji nayo huifungua polepole, kwa hiyo unga wa amoksisilini ya watoto ukishachanganywa na maji una siku chache za kutumika, kwa kawaida 7 hadi 14 kama chupa inavyoelekeza, na dawa iliyobaki haifai kutunzwa kwa ajili ya homa ijayo.

Wazee wako hawakukosea kabisa, ila sababu yao siyo. Molekuli ya kwinini, dawa ya malaria, iliyotoka kwenye gome la mkwinini na ile iliyoundwa chupani, zikiwa na mpangilio uleule, hakuna kimelea kitakachozitofautisha. Shida ni kuupata mpangilio huo. Mwaka 1856 William Henry Perkin wa London, kijana wa miaka 18, alijaribu kuunda kwinini kwa kuhesabu atomu peke yake, kwani wakati huo hakuna aliyejua jinsi zilivyofungwa. Akaishia kupata rangi ya zambarau ya kutia nguo, na ikamtajirisha. Gome hilohilo lina kwinidini, yenye atomu zilezile, ila sehemu mbili zimeelekea upande wa pili, nayo imetumika kutibu mapigo ya moyo yaliyovurugika. Gilbert Stork na wenzake walichapisha mwaka 2001 njia ya kuiunda kwinini huku kila sehemu ikielekea inakotakiwa, lakini hadi leo kwinini ya dawa hutolewa kwenye magome, kwa maana mkwinini huifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Waambie wazee kwamba tofauti iko kwenye kipimo: gome la mti huu na la mti ule hayalingani kwa kiasi cha dawa, ilhali kidonge kimepimwa.

SWALI: Mwalimu wetu alisema pete za atomu tano na sita hufungika kwa urahisi. Je, kuna dawa zenye pete ya atomu zaidi ya kumi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Arusha

JIBU: Zipo. Erithromaisini, dawa ya kuua bakteria, ina pete ya atomu 14, na azithromaisini, ndugu yake, ina 15. Ugumu wake ni kwamba ncha mbili za mnyororo mrefu ziko mbalimbali, hivyo ncha moja huikuta ncha ya mnyororo wa jirani kabla ya kuikuta mwenzake. Wakemia huupunguza kwa kutumia kiyeyushi kingi mno na kudondoshea mnyororo tone kwa tone, ili kila mmoja uwe peke yake. Watafiti wa kampuni ya Pliva mjini Zagreb, waliounda azithromaisini mwaka 1980, waliikwepa kazi hiyo: walichukua erithromaisini, ambayo pete yake hutengenezwa na bakteria, wakaipanua kwa ushanga mmoja wa naitrojeni.