Taji la Mpanda Mmoja: Maswali Yenu Kuhusu Spidiwei ya Uingereza

Tangu nimtaje Barry Briggs, mwendeshaji wa spidiwei, kwenye safu hii, maswali juu ya ubingwa wa waendeshaji wa ligi za Uingereza hayajakoma. Leo najibu machache.

Spidiwei ni mchezo wa timu. Sasa huyo bingwa wa mtu mmoja anapatikanaje?

Kwa wageni wa mchezo: ni mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo wenye umbo la yai. Wanashindana wanne kwa mizunguko minne, wakikata kona kushoto tu. Pikipiki ina injini ya CC 500, inatumia methanoli, ina gia moja na haina breki kabisa. Kwenye kona mwendeshaji analiachia gurudumu la nyuma liserereke nje, huku mguu wa kushoto, wenye kiatu kilichovishwa chuma, ukiburuzwa chini. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu.

Katika ligi, pointi hizo zinaingia kwenye kapu la klabu, lakini kila mtu anabaki na wastani wake wa msimu. British League ilipoundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha National League na Provincial League, ikaweka utaratibu: msimu ukielekea ukingoni, vinara wa wastani kutoka klabu mbalimbali wanaitwa uwanja mmoja, wapambane siku moja. Ni kama Ligi Kuu ya soka iishe, kisha mfungaji bora wa kila timu aitwe kumaliza ubishi mbele ya mashabiki wote. Uwanja wenyewe ulikuwa Hyde Road, Manchester, nyumbani kwa klabu ya Belle Vue, hadi ulipofungwa mwaka 1987.

Lakini ushindi wa siku moja si bahati tu?

Hapa nina msimamo, na nitautetea. Chukua ratiba ya asili: waendeshaji 16, mbio 20. Kila mmoja anashuka uwanjani mara 5, na kila mara anakutana na watu 3 wapya. Tano mara tatu ni kumi na tano, kwa hiyo ukimaliza mbio zako umekwishakutana na kila mpinzani mara moja. Hakuna aliyekukwepa, hakuna uliyemkwepa. Hata nafasi za kuanzia zinazungushwa, maana anayeanzia ndani na anayeanzia nje hawana njia sawa ya kuifikia kona ya kwanza. Wakilingana pointi kileleni, wanarudi kwenye utepe wa kuanzia, wakimbie tena kuamua.

Na kuingia tu ni kazi ya msimu mzima. Huletwi na jina, unaletwa na pointi ulizookota kwenye mvua na matope, kwenye viwanja vya ugenini ambako kona zimebana na udongo umeloa. Baadaye mashindano mengi ya aina hii yaliongeza nusu fainali na fainali ili mashabiki wapate msisimko wa mwisho. Msisimko upo, sikatai. Ila mtu anaweza kutawala jioni nzima halafu akapoteza taji kwa kuchelewa kidogo kuachia klachi, na hilo sijawahi kuliona haki.

Kabla ya 1965 hapakuwa na kitu kama hiki?

Kilikuwepo, na ndicho kilichozaa ubingwa wa dunia. Mbio za Februari 1928 pale High Beech, kwenye msitu wa Epping, ndizo huhesabiwa na wengi kuwa mwanzo wa spidiwei Uingereza. Mwaka uliofuata gazeti la The Star la London likadhamini Star Riders' Championship. Waaustralia walikuwa wamewazidi wenyeji kiasi kwamba mwaka huo wa 1929 walitenganishwa: Roger Frogley akawa bingwa wa wenyeji, Frank Arthur wa wageni. Mwaka 1930 wakachanganywa, na Mwaustralia Vic Huxley akashinda.

Tom Farndon, bingwa wa 1933, alianguka kwenye uwanja wa New Cross mwishoni mwa Agosti 1935 na akafa kwa majeraha, fainali ya mwaka huo ikiwa mlangoni. Frank Charles akalichukua taji.

Mwaka 1936 nafasi ya mashindano hayo ya The Star ikashikwa na ubingwa wa dunia, pale Wembley. Na angalieni kilichotokea: Bluey Wilkinson alishinda mbio zake zote 5, pointi 15 kati ya 15, lakini hakuwa bingwa. Pointi za ziada za raundi za awali zilijumlishwa, Lionel Van Praag na Eric Langton wakamzidi, na Van Praag akamshinda Langton walipopigania nafasi ya kwanza. Ndiyo sababu naupenda ule utaratibu wa Hyde Road: wastani wako unakufungulia mlango, ukishaingia wote mnaanza na sifuri.

Nani alitisha kuliko wote?

Briggs, bila ubishi. Huyu Mnyuzilandi wa klabu ya Swindon alishinda taji la kwanza mwaka 1965, akaendelea kulibeba hadi 1970. Mara sita mfululizo! Mnyuzilandi mwenzake, Ivan Mauger, ndiye aliyeuvunja mnyororo huo mwaka 1971. Kisha tazama Ole Olsen wa Denmark, ambaye alipita kwenye mafunzo ya Mauger: alishinda 1972 akiwa Wolverhampton, halafu 1976, 1977 na 1978 akiwa Coventry.

Belle Vue hawakubebwa na uwanja wao?

Uwanja wa nyumbani ni faida. Mauger 1971, Peter Collins 1974 na 1975, Chris Morton 1984, wote walikuwa wa Belle Vue. Lakini Briggs alikuwa mgeni pale mara zote sita.

Kwa hiyo hili si taji la Waingereza pekee?

Hapana. Ukiwa kwenye ligi, pasipoti haiulizwi. Msilichanganye na ubingwa wa Uingereza, ambao ni mashindano mengine. Miaka ya 1980 Wadenmaki Erik Gundersen na Hans Nielsen walilitwaa mara mbili kila mmoja, na Nielsen akaongeza la 1990. Kuna pia wenyeji ambao hawakuwahi kuwa mabingwa wa dunia wa mtu mmoja, lakini hapa majina yao yameandikwa: John Louis wa Ipswich mwaka 1979, Kenny Carter wa Halifax 1981 na 1982.

Madaraja ya chini je? Na kuna Mwafrika?

Madaraja hayo yalikuwa na mataji yao, na mimi huyasoma kama daftari la wanaochipukia. Mauger alishinda la Provincial League mwaka 1963 na 1964 akiwa Newcastle, miaka kabla dunia haijamjua kama bingwa. Louis alishinda la daraja la pili mwaka 1971, miaka minane kabla ya lile kubwa. Joe Owen wa Newcastle alishinda 1976, akarudia 1982. Katikati ya mataji yake hayo mawili, mwaka 1981, yupo Mike Ferreira wa Canterbury, kijana wa Zimbabwe. Huyo ndiye Mwafrika wako.

Kuna baba na mwana waliowahi kushinda?

Wapo, akina Crump wa Australia. Phil alichukua la daraja la pili mwaka 1972 akiwa Crewe. Ligi ya juu ilipoitwa Elite League, kuanzia 1997 hadi 2016, mwanawe Jason alishinda taji lake zaidi ya mara moja, akiwa pia bingwa wa dunia wa 2004, 2006 na 2009.