Pilipili haina moto, mbona inaunguza?

SWALI: Shikamoo daktari, jana nimekata pilipili mbuzi za kachumbari, mikono ikawaka moto mpaka usiku, maji ya baridi hayakusaidia kitu na ngozi nikiiangalia haijaungua. Kwa nini? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Ngozi iko salama, zilizodanganywa ni neva. Kwenye ncha za neva za maumivu kuna vijimlango vya protini, ndo chaneli za ayoni (chembe zenye chaji ya umeme), kimoja kinaitwa TRPV1 na kawaida kinafunguka joto likifika kama nyuzi 43, sasa kapsaisini, ile kemikali inayoipa pilipili ukali, inakifungua hata bila joto, ayoni za kalsiamu na sodiamu zinaingia na kuwasha shoti ndogo ya umeme, halafu chaneli zingine za sodiamu zinaidaka hiyo shoti na kuisukuma mpaka uti wa mgongo na ubongoni. Mwanasayansi David Julius wa Marekani na wenzake waliitambua TRPV1 mwaka 1997, akapewa Nobel 2021 na alistahili kabisa. Hata ganzi ya kung'olea jino inaziba chaneli za sodiamu, ndo maana husikii maumivu. Kapsaisini inayeyuka kwenye mafuta, sio maji, kwa hiyo siku nyingine paka mafuta ya kula kwanza, sugua, ndo uoshe na sabuni, na macho usiguse kabisa!