Je, askari wa uokoaji wakusanywe mara baada ya tukio wasimulie walichokiona?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mstaafu wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, naishi Ilemela. Vijana niliowafundisha kazi bado hunifuata nyumbani, hasa baada ya kuopoa miili ziwani. Mmoja halali usiku, mwingine amekuwa mkali kwa watoto wake. Nimesoma kwamba katika nchi nyingine askari hukusanywa ndani ya siku tatu na kila mmoja hutakiwa kusimulia alichokiona na alivyojisikia. Nataka kuanzisha utaratibu huo hapa Mwanza. Je, ni sahihi? Na mtu kama mimi, nisiye mtaalamu, niishie wapi?

JIBU: Afande, utaratibu huo ulichapishwa mwaka 1983 na Jeffrey Mitchell wa Marekani, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa zimamoto, na kwa kuwa ulitoka kwa mtu anayeijua kazi, ulienea haraka katika vikosi vya nchi nyingi. Hata hivyo, nakushauri usiuanzishe. Ulipopimwa kwa tafiti zinazowagawa washiriki kwa kura, kikao cha mara moja cha namna hiyo hakikuonekana kuzuia maradhi ya kiwewe, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike kwa watu waliotoka punde katika tukio la kutisha. Utafiti mmoja wa Wales uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia wagonjwa walioungua moto, na baada ya miezi 13 asilimia 26 ya waliofanyiwa kikao walikuwa na maradhi hayo, ilhali kwa wasiofanyiwa ilikuwa asilimia 9. Hao walikuwa wagonjwa, si waokoaji, na waliofanyiwa kikao walikuwa wameumia zaidi tangu mwanzo. Kwa hiyo sisemi kwamba kikao kitamdhuru kila askari, bali kwamba hakuna msingi wa kukifanya kiwe lazima.

Ukiitazama kazi yenyewe utaona sababu. Saa chache baada ya kutoka majini mwili bado uko katika tahadhari, na anayelazimishwa kurudia kila kitu katika hali hiyo anaweza kuikaza kumbukumbu badala ya kuilegeza. Aliyekuwa akivuta kamba juu ya boti hakuona alichokiona mpiga mbizi ndani ya chombo kilichopinduka, lakini kikao kitampa picha ambazo hakuwa nazo. Kuna na suala la vyeo, kwani sidhani konstebo atafungua moyo mbele ya mkubwa anayempangia zamu. Ni kweli kwamba sisi wataalamu nasi huwaongoza wagonjwa kusimulia tukio kwa kina, lakini tiba hiyo hufanyika kwa hiari, faraghani na kwa vikao kadhaa, na msimulizi haachwi aende nyumbani hofu ikiwa imempanda. Tathmini ya kikazi, ya vifaa na mawasiliano, iendelee kama kawaida, ila isichanganywe na mazungumzo haya.

Kazi inayokufaa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wa Shirika hilo wa mwaka 2011 unaifupisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Siku ya tukio hiyo humaanisha nguo kavu, chai ya moto, simu kwa familia, na kuhakikisha kwamba asiyelala usiku kucha haendeshi pikipiki peke yake kurudi nyumbani. Anayetaka kusema asikilizwe bila kuchimbwa, na anayenyamaza aachwe anyamaze. Lakini nguvu yako kubwa haiko siku hiyo. Iko katika kurudi kumjulia hali baada ya siku tatu, baada ya wiki, na tena baada ya mwezi. Wewe huna tena mamlaka juu yake, huandiki ripoti yake wala hupendekezi kupanda kwake cheo, na faida hiyo hakuna ofisa aliye kazini anayeweza kuwa nayo. Kubaliana mapema na uongozi kwamba utakayoambiwa yatabaki kwako, isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini.

Kukosa usingizi, kushtuka na kuota ndoto za ziwani katika wiki za mwanzo ni kawaida, na wengi hupona bila tiba. Mwezi ukipita na picha bado zinajileta, mtu anakwepa hata kupanda kivuko cha Kamanga, ana hasira zisizo na sababu au amezidisha pombe, hapo ndipo uishie wewe: msindikize hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Asijione dhaifu kwa kuwa uhai wake haukuwa hatarini, maana vigezo vya Marekani vya kutambua magonjwa ya akili vya mwaka 2013 vinawataja wazi waokoaji wanaokusanya mabaki ya miili. Asinunue diazepam dukani ili alale. Haishauriwi kwa mshtuko wa namna hii. Ukihisi kwamba anafikiria kujiua, usisubiri mwezi. Muulize waziwazi, kwa kuwa swali hilo halimpandikizii wazo, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho hukuliuliza. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, na ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 2022, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufika. Hao hawana kikosi cha kuwajulia hali, na huenda aliyeopolewa ni jirani. Ikiwa utawafuatilia askari, wafuatilie na wavuvi, ukianzia kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, wa mwalo husika, ambao ndio wanaojua mitumbwi ya nani ilitoka siku hiyo.