Kwa nini riwaya ya kutisha inanituliza?

SWALI: Daktari, kila ninapozidiwa na mawazo huirudia riwaya ya Dostoyevsky, Uhalifu na Adhabu. Sasa ni mara ya tano. Imejaa mauaji na mateso ya nafsi, lakini nikiifunga napata usingizi mzuri. Dada yangu anasema najilisha sumu. Je, nina kasoro?

JIBU: Kwa uliyonieleza, sioni kasoro. Ningeshangaa zaidi kama mara ya tano ingekutisha sawasawa na ya kwanza.

Chukua sura ya saba ya sehemu ya kwanza. Raskolnikov, mhusika mkuu, ameshaua, yumo ndani, mlango umezuiwa na komeo tu. Nje watu wawili wanapiga kengele na kuuvuta mlango, naye amelikodolea macho komeo linavyochezacheza. Ulipoisoma mara ya kwanza moyo ulikwenda mbio kwa sababu akili ilikuwa ikikisia: watavunja? Watamkamata? Kukisia huko ndiko kunakouchosha mwili. Leo unajua kwamba watashuka ngazi, naye atapenya. Hofu bado ipo, ila umeshaipima urefu na upana.

Wasiwasi wa maisha haupimiki hivyo. Hujui majibu ya vipimo yatasemaje, wala kama kazi itadumu. Ndiyo maana mwenye wasiwasi hukimbilia jambo ambalo mwisho wake anaujua, hata likiwa zito. Kuujua mwisho hakuui utamu, kinyume na tunavyodhani. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwasomesha watu hadithi fupi, wengine wakidokezwa mwisho mapema. Waliodokezwa walizifurahia zaidi kidogo, hata zile za upelelezi.

Na kwa nini usirudie kitabu cha vichekesho? Mwenye huzuni akichekeshwa kwa nguvu huona kama anadhihakiwa. Katika riwaya yako mauaji yanatokea katika sehemu ya kwanza kati ya sita. Kurasa nyingi zinazofuata ni za mtu kushindana na dhamiri yake. Yale yanayokuzunguka kichwani usiku wa manane, humo unayakuta yamepangwa kwa sentensi zilizokamilika. (Mimi kurasa za Luzhin, mchumba wa dada yake Raskolnikov, huziruka. Ananichosha yule bwana.)

Mimi ningekuuliza kinachotokea baada ya kukifunga kitabu. Unalala, na hiyo ni dalili nzuri. Ingekuwa unarudia ukurasa mmoja wa mateso ili ujiadhibu, au unakwepa watu na chakula ili usome, ningekuita tuzungumze. Ukijikuta unawaza kujidhuru, usisubiri kumaliza sura: mwone mtaalamu siku hiyohiyo, na mwambie mtu wa karibu asikuache peke yako.

Dada yako mpe hiyo sura ya saba aisome mara mbili, wiki moja kati ya usomaji na usomaji. Akimaliza, muulize ni lini mikono ilimtoka jasho.